Maswali Yenu Kuhusu Dramu za John Bonham

Toleo lililopita lilibeba makala fupi juu ya John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya roki ya Led Zeppelin ya Uingereza, aliyezaliwa mjini Redditch tarehe 31 Mei 1948 na kufariki dunia tarehe 25 Septemba 1980 akiwa na umri wa miaka 32. Makala ile ilisimulia maisha yake kuliko kazi ya mikono yake, na wasomaji wengi hawakuridhika. Barua zilizofika kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, nyingi zikiwa za wapiga dramu wa kwaya na bendi za makanisa, zinataka kujua alipiga kwa vyombo gani, alipigaje, na alijifunza kwa akina nani. Tumechagua zile zinazogusa mambo hayo, na pale barua kadhaa zilipouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga dramu wa kwaya hapa Uyole, Mbeya. Ngoma ya mguu katika seti yetu ina upana wa inchi 22, na walionitangulia waliijaza blanketi na mto. Nikimsikiliza Bonham, ngoma yake inavuma. Yetu inatoa kishindo kama cha kugonga boksi la sabuni. Je, alitumia seti gani, na ni lazima tununue kubwa kama yake ili tupate sauti ile?

Marahaba, ndugu yangu. Tuanze na seti, kisha turudi kwenye hilo blanketi, kwa sababu jibu lako limelala humo zaidi kuliko dukani.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake katika Led Zeppelin, Bonham alitumia dramu za kampuni ya Ludwig ya Marekani, ambayo ilianzia Chicago mwaka 1909. Ngoma yake ya mguu ilikuwa na upana wa inchi 26 na kina cha inchi 14. Vipimo hivyo vinafanana zaidi na ngoma kubwa za bendi za gwaride kuliko na dramu za roki za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa na inchi 20 au 22. Juu yake aliweka tomu moja tu, yaani ngoma ya kupigwa kwa kijiti isiyo na nyuzi za chini, yenye upana wa inchi 14, na upande wa kulia tomu mbili za chini, moja ya inchi 16 na nyingine ya inchi 18. Seti hiyo ina vipande vichache kuliko nyingi tunazoziona leo makanisani, zenye tomu nne au tano ambazo nusu yake hazipigwi ila siku ya mkesha. Snea yake, ngoma fupi yenye nyuzi za chuma chini inayotoa mlio mkali, aliyodumu nayo ilikuwa Ludwig Supraphonic yenye kina cha inchi sita na nusu, ambayo mwili wake ni wa chuma chepesi cha aluminiamu kilichopakwa kromu, wala si wa mbao.

Mwili wa dramu zake ulibadilika mara kwa mara. Alipiga za mbao za mti wa mepo, akapiga zilizofunikwa kwa rangi ya kijani inayometameta, akapiga za plastiki ngumu ya rangi ya kaharabu ambayo unaweza kuona ndani yake, na katika miaka yake ya mwisho akapiga za chuma cha pua. Sikiliza rekodi za vipindi hivyo vyote: mtu anayemfahamu humtambua papo hapo, iwe ni mbao, plastiki au chuma. Vipimo vya ngoma havikubadilika sana, ukazaji wa ngozi haukubadilika sana, na mpigaji alikuwa yule yule. Ndiyo maana sipendi kumwambia mtu yeyote auze shamba la viazi anunue seti ya mepo.

Matoazi yake yalikuwa ya Paiste, kampuni yenye makao yake Uswisi, hasa aina iitwayo 2002 iliyotoka mwaka 1971. Yalikuwa makubwa: haihati, yaani matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, ya inchi 15 wakati wengi hutumia ya inchi 14, na toazi la kuongozea mwendo la inchi 24. Nyuma yake ulisimama upatu mkubwa ambao upana wake unakaribia mita moja, na pembeni zilikuwapo timpani mbili. Upatu na timpani vilitumika kwa nadra, zaidi katika sehemu aliyoachiwa jukwaa peke yake, na kwa kwaya yenu havina kazi.

Sasa blanketi. Ngoma ya Bonham ilikuwa na ngozi mbili nzima, ya nyuma na ya mbele, na ile ya mbele haikuwa na tundu. Pedali inapopiga ngozi ya nyuma, hewa iliyofungiwa ndani huisukuma ngozi ya mbele, nayo hutikisika kwa muda wake yenyewe. Mtikisiko huo ndio mvumo unaousikia. Ukikata tundu kubwa mbele, hewa inatoka. Ukijaza nguo ndani, ngozi zote mbili zinazimwa kabla hazijasema lolote, na unachobaki nacho ni mlio wa nyundo ya pedali ikigonga plastiki. Namna hiyo ya kuzima ngoma ilishamiri katika studio za miaka ya 1970, kwa sababu mafundi walitaka kila chombo kisikike peke yake, kisha ikahamia jukwaani na makanisani ambako haina sababu hiyo.

Fanya hivi. Toa blanketi na mto. Rudisha ngozi ya mbele isiyo na tundu kama ipo stoo, maana mara nyingi ipo. Kaza skrubu kwa mkono mpaka zishike, kisha kwa ufunguo wa dramu kaza kila moja nusu mzunguko ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, usifuate mduara. Ngozi ya mbele ikaze zaidi ya ile inayopigwa. Mtaogopa mwanzoni, kwa sababu mpigaji aliyekaa kwenye kiti atasikia ngoma inavuma kupita kiasi. Mwambie mwenzako apige, wewe nenda kakae mstari wa mwisho wa mabenchi, ndipo uamue. Ikiwa bado inavuma mno, bandika kipande chembamba cha kitambaa kwenye ngozi inayopigwa, hapo ukingoni, na uishie hapo. Inchi 22 haitafika chini kama inchi 26, lakini itavuma.

Katika barua yako umeuliza pia kama baridi ya Juni na Julai hulegeza ngozi. Ngozi za seti yenu, kama zilivyokuwa za Bonham, ni za plastiki ya poliesta, ambazo Remo Belli wa Marekani alianza kuzitengeneza kwa biashara mwaka 1957. Kabla ya hapo seti nyingi zilitumia ngozi ya ndama, ambayo hunywa unyevu na kulegea kama zinavyolegea ngoma zetu za ngozi ya mbuzi zisipootwa moto. Plastiki hainywi maji. Baridi ya Uyole inaweza kubadilisha sauti kidogo tu kwa sababu chuma na plastiki hujikunja, kwa hiyo jambo la busara ni kukaza dramu baada ya kanisa kujaa watu na kupata joto, si saa kumi na mbili asubuhi.

Mwandishi mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa. Rafiki yangu wa Kihesa anashikilia kwamba Bonham alitumia pedali mbili, kwa kuwa mguu mmoja hauwezi kupiga kasi ile, na kwamba zaidi ya kasi hakuwa na kitu ila nguvu. Tusaidie kumaliza ubishi huu.

Rafiki yako amekosa yote mawili, ingawa la kwanza linaeleweka. Mwanzoni kabisa mwa safari yao Bonham aliwahi kujaribu ngoma mbili za mguu, lakini jambo hilo halikudumu, na rekodi zinazomfanya rafiki yako atilie shaka zilipigwa kwa ngoma moja, pedali moja na mguu wa kulia. Wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1969, unaitwa Good Times Bad Times, na humo ndimo wapiga dramu wa dunia walipomsikia akipiga tripleti kwa mguu. Tripleti ni mapigo matatu yaliyo sawa ndani ya nafasi moja. Mguu wake unapiga mawili mawili kwa haraka, na nafasi inayobaki inashikwa na mkono, kwa hiyo sikio linasikia mfululizo usiokatika ambao mtu asiyejua anaudhania kuwa ni miguu miwili. Mkitaka kuujaribu, inueni kisigino, pigo la kwanza litoke kwenye kifundo, na la pili litokee mguu ukiteleza mbele kidogo juu ya ubao wa pedali. Anzeni polepole kiasi cha kuchosha. Paja likianza kuuma, mnatumia nguvu pasipohitajika.

Pedali yenyewe ilikuwa Ludwig Speed King, ambayo wapiga dramu wanaikumbuka kwa kasi yake na kwa kelele zake pia. Katika wimbo mmoja wa polepole wa mwaka 1970, uitwao Since I've Been Loving You, mlio wa pedali inayokosa mafuta unasikika waziwazi kwa anayesikiliza kwa spika za masikioni, na hakuna aliyeona sababu ya kurudia kurekodi. Mimi nafurahi kila ninapousikia. Hata hivyo ninyi tieni mafuta.

Kuhusu nguvu, ni kweli kwamba alipiga kwa sauti kubwa, na kwamba mafundi wa studio walilalamika alipokuwa kijana. Lakini mtu anayepiga kwa nguvu tupu hupiga kila kitu kwa kiwango kimoja. Msikilize Bonham kwenye snea, katikati ya mapigo makubwa mawili, na utasikia mapigo ya chinichini ambayo kijiti kinaigusa ngozi tu. Hayo ndiyo yanayoufanya mdundo utembee. Pigo kubwa linaonekana kubwa kwa sababu lililolitangulia lilikuwa dogo. Pamoja na hayo alikuwa na tabia ya kuliweka pigo la snea nyuma kidogo ya pale linapotarajiwa, bila kuuchelewesha wimbo, na tabia hiyo humpa msikilizaji hisia ya uzito. Uzito wa namna hiyo haupatikani kwa kuongeza misuli, maana kijana anayetumia misuli karibu mara zote huwahi.

Kisha kuna usikivu. Bonham hakufuata mdundo wa vitabu. Alifuata gitaa la Jimmy Page na besi la John Paul Jones, wakati mwingine akilipiga umbo lote la gitaa kwa mguu wake, wakati mwingine akikataa kabisa kulifuata. Kashmir, wimbo wa mwaka 1975, ni mfano mzuri wa kukataa huko. Gitaa na vyombo vya nyuzi vinazunguka kwa hesabu ya tatu, dramu inakwenda kwa hesabu ya nne bila kutetereka, na pande hizo mbili hukutana tena kila baada ya mapigo kumi na mawili. Msomaji aliyekulia penye ngoma hatashangaa, kwa sababu kuziachia ngoma mbili zitembee kwa hesabu tofauti na kukutana mbele ni jambo ambalo babu zetu walilifanya bila kuliandika. Kwa msikilizaji wa roki wa mwaka 1975 lilikuwa geni. Bonham anapiga pale mdundo mwepesi kuliko yote aliyowahi kupiga, mdundo ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza mchana mmoja, na wimbo mzima unausimamia huo.

Mimi ni fundi mitambo katika studio ndogo hapa Soweto, Mbeya. Nina maikrofoni nne tu zinazofaa, na chumba cha dramu nimekizibia magodoro ukutani. Nimesikia kwamba dramu za When the Levee Breaks zilirekodiwa kwa maikrofoni mbili. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ndivyo ilivyokuwa. Wimbo huo umo katika albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971. Asili yake ni wimbo wa bluzi wa mwaka 1929 wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927, na dramu zake zilipigwa katika nyumba ya Headley Grange huko Hampshire, ambayo ilijengwa mwaka 1795 kuwa makazi ya maskini. Bendi ilipanga humo, na mitambo ya kurekodia ilikuwa ndani ya gari lililoegeshwa nje, studio ya kuhamahama iliyomilikiwa na bendi ya Rolling Stones.

Seti iliwekwa ukumbini, chini ya ngazi zinazopanda ghorofa kadhaa. Fundi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili za Beyerdynamic M160 juu huko kwenye ngazi, mbali na dramu, bila kuweka nyingine karibu na ngoma ya mguu. Sauti ya maikrofoni hizo akaibana sana kwa kompresa, chombo kinachopunguza sauti kubwa ili ndogo zisikike, na kuipitisha kwenye chombo cha mwangwi cha Binson Echorec, kilichotengenezwa Italia, ambacho hutumia gurudumu la sumaku badala ya mkanda. Unachosikia kwa hiyo ni ngoma pamoja na ukuta, dari na ngazi za mbao. Kompresa inaposhusha pigo lenyewe, sauti ya chumba inayofuata hupanda, na ndiyo maana kila pigo linaonekana kuvuta pumzi.

Kwa studio yako, magodoro ukutani yanakusaidia kurekodi sauti ya mwimbaji lakini yanakunyima dramu ya namna hii, na hakuna programu itakayorudisha chumba ambacho hakikuwapo. Tafuta jengo. Mbeya ina majengo ya zamani ya makanisa yenye kuta za mawe au matofali ya kuchoma, na shule zenye kumbi ndefu ambazo mwisho wa juma hazina mtu. Omba ruhusa kwa maandishi, chagua asubuhi ya kiangazi, kwa sababu mvua ikianza kwenye bati kazi imekwisha, na epuka kumbi mpya zilizowekwa dari ya jipsamu iliyoning'inia chini sana. Ngazi za jengo la ghorofa pia zinafaa, kama majirani ni wavumilivu.

Weka maikrofoni mbili juu, mita tatu au nne kutoka kwenye seti, na uhakikishe kwa kamba kwamba zote mbili ziko umbali sawa kutoka kwenye snea. Usipuuze kamba. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya mita moja huleta ucheleweshaji wa karibu sehemu tatu za elfu za sekunde, na ucheleweshaji huo unatosha kufanya maikrofoni moja iile sauti ya nyingine, hasa kwenye besi. Maikrofoni ya tatu iweke mbele ya ngoma ya mguu kama akiba, ukijua kwamba huenda usiitumie. Baada ya hapo kazi yote iko kwa mpigaji. Katika rekodi ya maikrofoni mbili huwezi kushusha haihati peke yake. Mpigaji ndiye mikisa, yaani mchanganyaji wa sauti, na akipiga matoazi kwa hasira hakuna kitufe cha kumwokoa. Bonham alipiga haihati kwa kiasi kuliko ngoma zake, jambo ambalo wapigaji wetu wengi hulifanya kinyume.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha muziki Njombe. Wanafunzi wangu wanaamini kwamba roki ilijiumba yenyewe. Bonham alijifunza kwa nani?

Kwanza kwa wapigaji wa jazi. Gene Krupa, kijana wa Chicago aliyepiga katika bendi ya Benny Goodman, ndiye aliyemtoa mpiga dramu nyuma ya bendi na kumleta mbele ya watu, hasa baada ya onyesho la Carnegie Hall tarehe 16 Januari 1938, ambako alipiga tomu kama chombo cha kuongoza. Bonham alimpenda Krupa na alimpenda Buddy Rich. Kutoka kwao alichukua wazo kwamba dramu inaweza kusimama peke yake mbele ya umati, na katika maonyesho ya Led Zeppelin sehemu yake ya kupiga peke yake, iliyojulikana kama Moby Dick, wakati mwingine ilipita dakika ishirini. Katikati yake alitupa vijiti akapiga kwa mikono mitupu. Kupiga dramu za seti kwa mikono hakukuanza naye, kwani Joe Morello wa kundi la Dave Brubeck alikuwa anafanya hivyo kabla yake; wala kwetu si jambo la ajabu, kwa kuwa tumba katika bendi zetu za dansi zimepigwa kwa mikono siku zote.

Pili, kwa muziki wa watu weusi wa Marekani. Mwanzo wa wimbo Rock and Roll wa mwaka 1971 unatokana na mwanzo wa Keep A-Knockin' wa Little Richard, ambao Charles Connor aliupiga dramu mwaka 1957. Wachezeshe wanafunzi wako nyimbo hizo mbili mfululizo na ubishi utaisha. Alisikiliza sana James Brown, ambaye wapiga dramu wake, Clyde Stubblefield na Jabo Starks, waliyafanya mapigo ya chinichini yawe moyo wa muziki, na mwaka 1973 bendi nzima ilitoa wimbo The Crunge kwa mtindo wa James Brown, kwa heshima na kwa utani pia.

Mtu wa tatu ni wa rika lake mwenyewe, Carmine Appice wa bendi ya Vanilla Fudge, aliyekuwa akipiga ngoma ya mguu ya inchi 26 kabla ya Bonham. Bendi hizo mbili zilizunguka pamoja Marekani mwanzoni, na Appice ndiye aliyemuunganisha Bonham na kampuni ya Ludwig. Kwa hiyo hata ngoma ile kubwa tunayoihusisha na jina la Bonham aliirithi kwa mwenzake. Waambie wanafunzi wako hilo pia.

Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Hapa Tukuyu hakuna dramu nyumbani, basi anapiga ndoo, sufuria na makopo ya rangi tangu atoke shule. Baba yake amechoka, na mimi naogopa masikio ya mtoto. Nimkataze? Mama wa Tukuyu.

Mama, usimkataze. Bonham alianza hivyo hivyo, akiwa na miaka mitano, kwa makopo na vyombo vya jikoni. Alipofika miaka 10 mama yake akamnunulia snea, na alipofika miaka 15 baba yake akampatia seti kamili ya kampuni ya Premier, iliyokuwa imetumika. Alipoacha shule alifanya kazi ya ujenzi na useremala pamoja na baba yake, akipiga dramu jioni. Kwa sasa ndoo inamtosha mwanao. Mtafutie vijiti viwili vya uzito sawa, na kama kwaya ya usharika wenu ina seti, mwombe mpigaji amruhusu akae karibu wakati wa mazoezi.

Juu ya masikio una haki. Kiwango kinachokubalika kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka muda huo hupungua nusu, hivyo kwenye desibeli 100 umebaki na robo saa. Seti ya dramu ndani ya chumba hufika hapo kwa urahisi. Ndoo ya plastiki nje ya nyumba haina tatizo kubwa, lakini makopo ya bati ndani ya chumba cha saruji ni jambo jingine. Mpelekeni uwanjani, na siku atakapokaa kwenye seti awe na vizibo vya masikio vya sponji. Baba naye atapumzika.

Ndugu wawili, mmoja wa Njombe na mwingine wa Mwanjelwa, wameuliza alifarikije na nani aliichukua nafasi yake.

Alifariki usingizini baada ya kunywa pombe kali nyingi mno kwa siku moja, wakati bendi ikijiandaa kwa safari ya Marekani. Nafasi yake haikuchukuliwa na mtu. Desemba 1980 wenzake walitangaza kwamba hawataendelea. Walipokutana tena jukwaani London tarehe 10 Desemba 2007, aliyekaa nyuma ya dramu alikuwa mwanawe, Jason Bonham.

Tunapiga katika bendi ya vijana Mafinga. Mdundo wa Fool in the Rain umetushinda. Mikono inajua kinachotakiwa lakini ikifika kasi ya wimbo inaparaganyika. Tupe njia ya kuujifunza.

Mmechagua mdundo mgumu, na mzuri. Wimbo huo ni wa mwaka 1979, na mdundo wake una baba: Bernard Purdie, Mmarekani aliyeupa jina lake. Bonham aliuchukua akauongezea haihati inayofunguka kwa nafasi yake maalumu. Miaka mitatu baadaye Jeff Porcaro wa bendi ya Toto aliunganisha alichokisikia kwa Purdie na alichokisikia kwa Bonham akapata mdundo wa Rosanna, kwa hiyo mkiushika huu mmoja mtakuwa na ufunguo wa nyimbo nyingi.

Kila pigo ligaweni mara tatu. Haihati inapiga sehemu ya kwanza na ya tatu, na kuiacha ya pili. Katika hiyo ya pili, mkono wa kushoto unaigusa snea chinichini, kwa urefu usiozidi vidole viwili kutoka kwenye ngozi. Pigo kubwa la snea linakuja mara moja tu katika mapigo manne, kwenye la tatu, na hapo ndipo wengi huparaganyika, kwa sababu mkono wa kushoto unatakiwa kutoka kwenye mguso mdogo kwenda kwenye pigo kubwa na kurudi tena kwenye mguso bila kupumzika. Tatizo lenu haliko kwenye kasi. Liko kwenye urefu wa kijiti: baada ya pigo kubwa mkono unabaki juu, na mguso unaofuata unakuwa mkubwa au unachelewa.

Wekeni kipima mwendo kwenye mapigo 60 kwa dakika na muache ngoma ya mguu kabisa. Pigeni mikono peke yake mpaka mguso wa baada ya pigo kubwa uwe mdogo sawasawa na ule wa kabla yake. Kiweke kijiti cha kushoto kishuke na pigo na kibaki chini, kisirudi juu chenyewe. Kisha ongezeni mguu kwenye pigo la kwanza tu. Haihati ya kufunguka iacheni iwe ya mwisho, na mkiiongeza rudini kwenye mapigo 60, hata kama mikono ilishafika 80. Mpiga besi wenu naye akae chumbani tangu siku ya kwanza akihesabu tatu tatu kwa sauti, kwa sababu akiuhesabu mdundo huu kwa mbili mbili atawavuta, na mtadhani kosa ni la dramu.